Moto wa Mwaka na Wageni Wake

Kila tunapotoa kijitabu hiki cha michango tunatenga kurasa chache kwa historia ya Makunduchi, kabla ya kufika kwenye hesabu na maombi. Mara hii tumechagua habari ya moto. Sababu yake ni swali linalozungumzwa sana kwenye mabaraza yetu, mjini na shamba. Je, sherehe yetu ya Mwaka Kogwa iongezewe usiku mmoja wa moto mkubwa na fataki, au fashifashi kama wengi wetu tunavyoziita, watu waingie kwa tiketi, na fedha ziende kwenye maendeleo ya mji? Wapo wanaoiona ni riziki imekuja mlangoni. Wapo wanaoiona ni balaa. Na wapo wengi waliokaa kimya wakingoja kusikia wakubwa watasema nini.

Chama chetu hakina mamlaka ya kuamua peke yake, wala hakitaki kuyachukua. Lakini tunayo dhima ya kuweka mezani yale tunayoyajua kuhusu moto huu, ulikotoka, unavyofanywa na unavyosema, ili kila mwenye rai atoe rai yake akiwa na jambo la kulipima.

Mwaka unaotembea

Tuanze na jina. Kukoga ni kuoga, na Mwaka Kogwa ni mwaka unaoogwa: watu hushuka pwani, hujitosa majini na kuacha huko uchafu na mikosi ya mwaka uliokwisha. Kwengineko katika mwambao siku hiyo ilijulikana kwa jina la Siku ya Mwaka, au Nairuzi. Neno Nairuzi ni la Kiajemi na maana yake ni siku mpya. Lilifika kwetu kwa njia ile ile iliyoleta mambo mengi, bahari inayotuunganisha na Ghuba ya Uajemi. Kwa jirani zetu wa Kizimkazi Dimbani uko msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 Miladia. Kwa hivyo si ajabu kwamba desturi ya watu wa upande ule iliota mizizi huku kusini mwa Unguja.

Hata hivyo mwaka wetu si nakala ya mwaka wa Iran ya leo. Nairuzi ya Iran imefungwa kwenye mwezi wa Machi, wakati usiku na mchana vinapolingana. Mwaka wetu una siku 365 kamili na hauna siku ya nyongeza. Wazee waliugawa kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 inatoa siku 360, na zinabaki siku tano za kuufunga. Kwa hesabu hiyo mkulima alijua lini atie mbegu, na nahodha alijua lini kusi litakaza na lini kaskazi itaingia. Mwaka wenyewe uliitwa kwa siku ya wiki ulioanzia, na kwa kuwa siku 365 ni wiki 52 na siku moja, mwaka unaofuata ulianza siku moja mbele. Mtu hakuhitaji karatasi ukutani, hesabu ilikuwa kichwani mwake.

Mwaka usio na siku ya nyongeza haukai mahali pamoja. Ukiulinganisha na kalenda ya Miladia, unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Unguja na ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka 1870, aliukuta ukiangukia Agosti. Sisi tunauadhimisha Julai. Wajukuu zetu wataufikia Juni. Waparsi wa madhehebu ya kale, ambao nao hawakukubali kuongeza siku katika mwaka wao, huanza mwaka katika Julai hii hii. Huo ni ushahidi kwamba hesabu ya wazee wetu ilitoka kwenye kalenda kongwe ya Uajemi.

Steere aliandika pia yale yaliyofanywa siku hiyo Unguja wakati wake. Watu walioga baharini. Halafu kilipikwa chakula kingi cha nafaka na kunde zilizochanganywa, na aliyekuja alikula, bila ya kuulizwa ametoka wapi. Baada ya hapo mioto yote ilizimwa, ikawashwa mipya kwa kupekecha vijiti viwili. Ameeleza vile vile kwamba zamani ugomvi wa mwaka mzima ulimalizwa siku hiyo kwa kupigana, na damu iliyomwagika haikuulizwa na mtu.

Msomaji wa Makunduchi akiyatazama mambo hayo ya karne ya 19 atayatambua yote. Maji, chakula kwa kila ajaye, moto na ugomvi unaokwisha: ndiyo nguzo nne za Mwaka wetu mpaka leo. Kilichobadilika ni namna. Sehemu nyingi za mwambao Siku ya Mwaka imefifia au imebaki kwenye kumbukumbu za wazee. Kwetu imebaki uwanjani.

Kibanda chenye njia ya kutokea

Kwa watoto wetu waliozaliwa mjini, Bara na ng'ambo, ambao baadhi yao wanaijua siku hii kwa picha za simu tu, tuieleze kidogo.

Wanaume wa pande mbili za mji, kaskazini na kusini, wanaingia uwanjani na migomba mikononi. Wanapigana kwelikweli, lakini mgomba ni laini na umejaa maji. Unauma bila ya kuvunja mfupa. Anayemkasirikia mwenziwe kwa mpaka wa shamba, kwa deni au kwa neno baya alilolisikia, hapo ndipo pa kulitoa. Migomba ikishatupwa chini ugomvi umekwisha, na mtu kuuendeleza kesho yake ni aibu. Wazee waliozigeuza silaha za zamani kuwa migomba walifanya kazi kubwa ya amani, ingawa majina yao hayakuandikwa popote.

Wanawake wako pembeni na nguo zao nzuri kuliko zote, wakiimba. Nyimbo zao hazimwogopi mtu. Humsifu anayestahiki na kumchoma anayestahiki kuchomwa, na mwanamme mwenye akili husikiliza kimya.

Halafu kinakuja kibanda. Hujengwa kwa makuti makavu, kidogo, cha kumtosha mtu. Mzee wa mila huingia ndani, kibanda hutiwa moto, makuti huwaka kwa mara moja kama yanavyowaka makuti, na yule mzee hutoka salama huku watu wakipiga kelele za furaha. Moshi hutazamwa unaelekea wapi, na wenye kuusoma husoma habari za mwaka unaoingia.

Wageni wengi hudhani hiki ni kioja cha ushujaa. Maana yake kwetu ni nyengine. Kibanda kinachomwa ili nyumba zisichome watu. Akishatoka yule mzee, mji umepewa ahadi kwamba mwaka huo nyumba ikishika moto, aliyemo ndani atatoka. Katika mji ulioezekwa makuti kwa mamia ya miaka, jiko likiwa la mafiga matatu na taa ya utambi, hiyo haikuwa ahadi ndogo. Kila familia iliujua moto kwa karibu. Kwa hivyo tukauita mara moja kwa mwaka, mchana, mbele ya macho ya wote, ndani ya kibanda tulichokijenga wenyewe, na tukahakikisha kina njia ya kutokea.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu hapo mbele tutalirejea.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Nguzo ya chakula nayo ina sheria yake. Mtu wa Makunduchi hapendi kula Mwaka peke yake. Nyumba isiyo na mgeni siku hiyo huonekana imekosa kitu, na mwenye nyumba huona vibaya. Ndiyo maana mjini, wiki mbili kabla, utawasikia watu wetu wakialika wenzao wa kazini, majirani, hata dereva waliyekutana naye juzi. Sherehe huendelea kwa siku kadhaa, na katika siku hizo mlango unakaa wazi.

Kwa hivyo anayesema kwamba kukaribisha watu kwenye moto wetu ni jambo jipya lililoletwa na utalii, hajaiangalia vizuri mila yenyewe. Mgeni yumo ndani ya Mwaka tangu ulipoanza. Kilicho kipya ni aina ya mgeni. Wa zamani alikuwa na mwenyeji wake. Alijulikana amefikia kwa nani, atakula kwa nani na akikosea nani ataulizwa. Tangu miaka ya 1980, Zanzibar ilipoifungulia milango biashara ya utalii na hoteli zikaota ufukwe wa mashariki kutoka Paje na Jambiani kuja kusini, amekuja mwengine. Hushuka kwenye gari asubuhi, husimama uwanjani, hupiga picha, na kabla ya adhuhuri amerudi hotelini. Hakula kwetu, hakulala kwetu, na jina lake hatulijui.

Hatumlaumu. Ameletwa, hakuelekezwa. Lakini tofauti baina ya mgeni na mtazamaji ndiyo kiini cha mjadala wote wa fashifashi, hata pale ambapo wanaobishana hawaitaji.

Rai za wenyeji

Tumesikiliza kwenye mabaraza, pwani, skuli na kwenye vikao vya wanachama wetu wa mjini. Hatutaji jina la mtu. Rai zenyewe ni hizi.

Vijana wengi wanautaka usiku huo. Hoja yao si ya mchezo. Wanasema watu kwa mamia huja Makunduchi siku ya Mwaka, na jioni inapoingia magari yote yamekwishaondoka na fedha zimeondoka nayo. Mwenye kukodisha chumba, muuza pweza, mshona nguo, dereva wa boda, hakuna aliyefaidika vya kutosha. Ukiweko usiku wa moto, muziki na fashifashi, mtu atalala, na akilala atakula. Wanakumbusha kwamba usiku wa kuamkia 12 Januari mji mzima wa Unguja hutoka kwenda kutazama fashifashi za Mapinduzi, na hakuna anayesema mila imeharibika.

Wazee wa mila wanasema moto wa Mwaka ni mmoja. Ukiwasha wa pili usiku, ulio mkubwa zaidi na usio na maana yoyote, watoto watakua wakidhani ule wa pili ndio wenyewe. Hawapingi ngoma usiku, ngoma zimekuwapo daima. Wanachopinga ni moto kushindana na moto.

Wapo wenye rai ya dini, nao wasibezwe kwani ni wengi na ni ndugu zetu. Wanasema mwaka wa Muislamu huanza Muharram, na kwamba kuusoma moshi ili kujua ya kesho ni kuingilia elimu ya Mwenyezi Mungu. Baadhi yao wangependa sherehe yote iachwe. Wengine, na tunaamini ndio wengi zaidi, wanapokea kuoga, kulisha wageni na kupatana, wakaliacha lile la moshi kwa wenyewe. Wote hao hawataki kusikia habari ya kuongeza moto mwengine. Wanakumbusha pia kwamba kuanzia 2012 hadi 2014 mwezi wa Ramadhani uliingia Julai, mwaka wa jua na mwaka wa mwezi vikakutana. Hesabu inaonyesha kwamba vitakutana tena katika miaka ya 2040. Sherehe iliyouzwa kwa tiketi na mikataba haitakuwa nyepesi kuihamisha au kuipunguza mwezi mtukufu ukifika.

Wanawake walisema jambo ambalo vikao vya wanaume vilikuwa havijalitia kwenye ajenda. Waliuliza nani atapika. Mwaka wenyewe unawatoa alfajiri na kuwarudisha usiku, na wengi wao siku zilizobaki wako kwenye mwani, kazi iliyoingia ufukwe wetu wa mashariki mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo maji yakipwa haingoji. Wanaukubali usiku wa pili ikiwa watakaopika watalipwa, na maji yakiwepo ya kutosha bila ya mtu kubeba ndoo kichwani. Walisema pia kwamba nyimbo zao si za kurikodiwa na kila mwenye simu bila ya kuombwa ruhusa.

Mwisho wapo wenye nyumba na mashamba karibu na uwanja. Hawa walizungumza kwa ufupi. Julai ni kipupwe, nyasi zimekauka, na kusi linavuma kutoka baharini moja kwa moja kwa sababu mji wetu uko ncha ya kusini mashariki ya kisiwa na hauna kinga. Kibanda kinachomwa mchana, watu wote wako macho, na kikisha kimekwisha. Fashifashi inaruka juu usiku na haijui itaangukia wapi. Bado yapo mapaa ya makuti, na mabanda ya jikoni takriban yote ni ya makuti.

Moto wa watu wengine

Baadhi ya wanachama wetu waishio Uingereza ndio waliolileta pendekezo hili kwa uzito zaidi, kwa hivyo ni haki kueleza walichokiona huko.

Kila 5 Novemba Waingereza huwasha mioto mikubwa viwanjani na kurusha fataki. Wanakumbuka mwaka 1605, pale Guy Fawkes alipokamatwa na mapipa ya baruti chini ya bunge la London, na njama ya kumuua mfalme James ikafichuka. Bunge likapitisha sheria ya kuadhimisha siku hiyo kwa ibada ya shukrani, na sheria hiyo ilidumu hadi 1859. Sheria ilipoondoka moto ulibaki. Leo vijiji vingi vya huko huandaa usiku wao: kamati ya wenyeji hukusanya mbao, huweka kamba, huuza supu na soseji, na kinachobaki huingia kwenye mfuko wa kijiji. Wenzetu walivutiwa na hapo, na kwa haki. Ni harambee kama yetu.

Lakini huko nako wenyeji hubishana. Wenye wanyama hulalamikia vishindo, wenye watoto wachanga hulalamikia moshi, na kila mwaka hospitali hupokea walioungua. Mfano mkubwa ni mji wa Lewes, katika jimbo la Sussex. Moto wao unakumbuka pia Waprotestanti 17 waliochomwa hapo katika miaka ya 1550, enzi za malkia Mary. Vyama vya moto vya mitaa huandamana na mienge usiku kucha. Sifa zake zilienea mpaka watazamaji wakajaa kuliko njia za mji zinavyoweza kubeba, ikafika hadi viongozi kuwaomba watu wa nje wasiende, na katika miaka ya karibuni treni zimezuiwa kushusha abiria Lewes jioni hiyo.

Mji uliowasha moto wake kwa kumbukumbu yake umefika mahali pa kumwomba mgeni asije. Kwa watu ambao mila yao inasema nyumba bila ya mgeni ina kasoro, hilo ni onyo la kutosha.

Tunachokiona sisi

Zamani miji ya Wahadimu, wetu ukiwamo, ilikuwa na baraza la wazee lililojulikana kwa jina la watu wanne. Jambo la mji halikupita bila ya wao kukaa. Leo tunao masheha, wilaya, Baraza la Wawakilishi, hata Rais wa Jamhuri aliyeko madarakani amezaliwa Makunduchi. Hatukosi viongozi. Lakini la moto wa Mwaka bado linahitaji watu kukaa chini ya mti wakasikilizana, na rai ya chama ni moja tu katika hizo zitakazosikilizwa.

Tunaona kwamba Mwaka unaupa mji ahadi mbili. Ya kwanza: moto ukija, mtu atatoka. Ya pili: siku hiyo hakuna atakayekula peke yake. Lolote linalopendekezwa lipimwe kwa ahadi hizo. Linalozitia nguvu lipokelewe hata kama ni jipya. Linalozivunja likataliwe hata kama lina fedha.

Fashifashi usiku wa kipupwe, juu ya mapaa ya makuti, zinavunja ahadi ya kwanza. Hatuziungi mkono. Tiketi ya kuingilia uwanjani inavunja ya pili, kwa sababu inamgeuza mgeni kuwa mnunuzi na mwenyeji kuwa mlinzi wa mlango. Hiyo nayo hatuiungi mkono.

Lakini vijana waliposema riziki inaondoka na magari ya adhuhuri, walisema kweli, na kulikataa pendekezo lao bila ya kuwapa jengine ni kuwakata miguu. Kwa hivyo tunapendekeza jioni ya Mwaka iwe ya chakula. Kila gari la wageni lipangiwe nyumba za kufikia, mgeni akae mkekani na ale na watu wa nyumba hiyo. Achangie kwenye mfuko unaosimamiwa na kamati ya wanawake na vijana kwa pamoja, na waliopika walipwe kutoka mfuko huo siku ile ile. Baada ya isha ngoma ipigwe uwanjani bila ya kiingilio. Atakayelala alale kwenye nyumba zilizojiandikisha. Hivyo mtazamaji atarudi kuwa mgeni, na mgeni, kama wahenga walivyosema, ndiye anayemponya mwenyeji.

Na moto wa kibanda ubaki ulivyo, mchana na mmoja. Hata huo lakini unahitaji matayarisho ambayo wazee hawakuyahitaji, kwani wakati wao walisimama jamaa wa pande mbili, na leo wanasimama maelfu wenye kusukumana ili wapate picha. Mzee anayetoka ndani ya kibanda lazima akute njia iko wazi.

Michango ya mwaka huu

Ndugu wana-Makunduchi na marafiki wa Makunduchi, ndilo jambo tunalowaombea mwaka huu. Fungu la kwanza la michango litanunua matangi ya maji na mabomba ya kuyafikisha uwanjani, ambayo siku nyengine zote za mwaka yatawatumikia wakaazi wa karibu. Fungu la pili ni la ndoo za mchanga, kamba za kutenga njia na mafunzo ya vijana wetu kwa msaada wa wataalamu wa zimamoto. Fungu la tatu ni la vifaa vya huduma ya kwanza na vyoo vya heshima kwa wanawake na wanaume. Fungu la nne litaanzisha mfuko wa mapishi, ili mwanamke anayelisha wageni wa mji asilishe kwa mfuko wake.

Hesabu za kila fungu ziko kurasa zinazofuata pamoja na fomu ya ahadi. Aliye mjini anaweza kuitoa kwa mweka hazina au kwa mjumbe wa mtaa wake, na aliye ng'ambo atumie njia alizozizoea. Asiye na fedha ana mikono, kwani kazi ya kutandaza mabomba itafanywa kwa msaragambo. Aliye na rai tofauti na yetu juu ya fashifashi, aje kwenye mkutano mkuu aitoe. Atasikilizwa, na akishindwa au akishinda atakula pamoja nasi.

Mwaka ukiingia, mlango u wazi. Njooni na mgeni.